Maalim Asiyetajwa Jina: Chuo cha Kwanza cha Imam Shafi, na Changu



Ndugu wasomaji, siku tuliyomzika Maalim wetu mjini Bujumbura, mwaka 2011, palitokea jambo ambalo hadi leo linanisumbua. Mchanga ulikwisha kusawazishwa, maji yakamwagwa, na mzee aliyepewa kazi ya kusoma talkini akakaa upande wa kichwa. (Najua wapo ndugu zetu wasioikubali talkini. Hiyo si mada ya leo.) Akanyanyua uso akauliza kama kawaida: jina lake nani, na mama yake nani?

Watu walikuwa wengi, na karibu wote tulipita mikononi mwake. Humo mlikuwa na madereva, mafundi wa magari, wafanyabiashara, na wawili watatu ambao sasa ni waalimu wa dini wenyewe. Tukatazamana. Sote tulimwita Maalim. Mitaani Buyenzi ukisema "nakwenda kwa Maalim" hakuna aliyekuuliza yupi. Mzee mmoja tu, mgonjwa wa miguu aliyeletwa kwa baiskeli, ndiye aliyelijua jina lake, akalitaja kwa sauti ndogo. La mama yake hakulijua hata yeye. Basi ikafanywa kama vitabu vya fiqhi vinavyoelekeza asipojulikana mama wa maiti: akaitwa mwana wa Hawaa.

Nilirudi nyumbani na aibu. Mtu amekufundisha herufi ya kwanza uliyoijua duniani, halafu unasimama juu ya kaburi lake humjui jina! Lakini nilipokaa nikakumbuka kwamba si sisi wa kwanza. Yuko maalim mwingine, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, aliyempokea mtoto mmoja yatima asiyekuwa na ada, na mtoto yule akaja kuwa imamu ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tunaswali, tunaoana na kurithiana kwa madhehebu yake. Na maalim yule naye, katika masimulizi yanayoeleza kisa hicho, jina lake halikutajwa.

Nianze na changu, kwa kuwa ni kidogo.

Niliingia chuoni mwaka 1975, nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alikuwa akipika vitumbua alfajiri na kuviuza karibu na soko, na vilivyobaki ndivyo vilivyokuwa chakula chetu cha mchana. Chuo kilikuwa chumba kimoja cha nyumba ya Maalim, mkeka, na nje mti wa mwembe. Tuliandikia ubao. Maalim anakuandikia mstari kwa wino, wewe unafuatisha, unausoma mpaka unaingia kichwani, ndipo ubao unaoshwa na kuandikwa mwingine. Kwa desturi ya wazee ada ililipwa Alhamisi. Mtoto alikuja na sarafu imefungwa kwenye pindo la kanzu au kwenye kitambaa, na mkubwa wa chuo akaandika daftarini. Alhamisi ya mwisho wa mwezi mkubwa wa chuo alisoma majina ya wanaodaiwa. Waliosomwa walijua la kufanya. Walikwenda nyumbani kuwaambia wazazi, na wengine hawakurudi tena.

Mimi jina langu halikusomwa hata siku moja. Nilidhani mama analipa.

Jambo jingine ninalolikumbuka ni kwamba Maalim alinipa kazi. Maji yanayooshea mbao zilizoandikwa Qur'an hayamwagwi ovyo mahali panapokanyagwa. Palikuwa na shimo dogo kando ya mwembe, limezungushiwa mawe, na kuyachukua maji yale na kuyamimina pale ilikuwa kazi yangu. Mwaka haujaisha akaniongezea nyingine: yeye akitoka kwenda kuswalisha au kumzuru mgonjwa, mimi ndiye niliyewasomesha wale wadogo wa alifu na be. Nilikuwa na miaka saba! Nilivimba kichwa. Niliwaambia watoto wa jirani kwamba mimi ni naibu wa Maalim.

Fimbo alikuwa nayo. Ilikuwa imechomekwa kwenye paa la nje, na kazi yake, kama nilivyoiona kwa miaka yote ile, ilikuwa kuangulia maembe. Nasema haya kwa sababu baadaye niliwahi kusoma mahali pengine, sitapataja, ambapo fimbo haikuwa ya maembe. Kule nilijifunza kuogopa zaidi kuliko nilivyojifunza jingine lolote.

Sasa tuingie katika tarekhe.

Imam Muhammad bin Idris Ash-Shafi (Rahimahullah) alizaliwa Ghaza, Palestina, mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia, mwaka uleule aliofariki Imam Abu Hanifa. Baba yake alikuwa Mquraysh wa ukoo wa Al-Muttalib, na alikufa mtoto akiwa mchanga. Mama akaona kwamba akibaki ugenini nasaba ya mwanawe itapotea, akamchukua akiwa na umri wa kama miaka miwili na kwenda naye Makkah. Nasaba walikuwa nayo, tena ya kujivunia. Fedha hawakuwa nayo.

Umri wa kusoma ukafika, mama akampeleka chuoni, kuttab kama wasemavyo Waarabu. Imamu mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake habari hizi. Kwa maana yake ni kwamba alikuwa yatima chini ya mama, na mama hakuwa na cha kumpa mwalimu, na mwalimu akaridhika kwamba mtoto amshikie nafasi awasimamie wenzake kila anapoondoka.

Niliyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza karibu mwaka 1990, katika kitabu nilichoazimwa, nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Nilikiweka kitabu chini. Maji ya mbao, wale wadogo wa alifu na be, daftari la Alhamisi: vyote vikanijia kwa pamoja. Sikuwa naibu wa mtu. Nilikuwa mtoto asiyelipiwa, na Maalim alinitafutia kazi ili mimi, na wenzangu wanaonitazama, tusijue hivyo.

Lakini mwandishi wa tarekhe hana ruhusa ya kuchagua riwaya inayomfurahisha na kuificha ya pili. Vitabu vya manaqib, yaani vile vinavyokusanya sifa za Imamu, vina maelezo mengine yasiyo matamu kiasi hicho. Yanasema kwamba mwalimu yule mwanzoni alikuwa akimpuuza mtoto kwa kuwa hakuna malipo. Akiwasomesha wengine, Shafi mdogo anasikiliza pembeni na kudaka kila kitu, na mwalimu akitoka, yeye anawafundisha wenzake yale yale. Mwalimu akapima akaona kwamba kazi anayofanyiwa na mtoto huyu ni kubwa kuliko ada aliyokuwa akiitaka, ndipo akaacha kumdai. Na iko riwaya ya tatu, ambamo mtoto alikuwa akihifadhi imla kabla haijakwisha kusomwa, mpaka siku moja mwalimu akamwambia kwamba si halali kwake kuchukua chochote kutoka kwake.

Je, mwalimu yule alikuwa mwema au alikuwa mfanyabiashara mwenye akili? Nimejadiliana na rafiki zangu juu ya hili. Mmoja aliniambia kwa ukali kwamba kumtumikisha yatima badala ya ada si wema hata kidogo. Ana haki ya kusema. Tunawajua, hata katika miji yetu, wanaowachukua watoto wa maskini kwa jina la kusomesha, kumbe wanawataka wa kuteka maji na kulima. Mimi naona hivi: kazi aliyopewa Shafi ilikuwa kusoma. Anayewasomesha wenzake anasoma mara mbili. Hakutolewa mkekani apelekwe shambani. Na hata tukishika ile riwaya kali, bado mlango haukufungwa. Mtoto asiye na ada aliachwa akae mahali anapoweza kusikia, na kwa kichwa kama kile ilitosha. Pia tuangalie jambo moja: Imamu aliposimulia, hakusimulia kwa uchungu. Alisema mwalimu "aliridhika", na neno hilo mtu hamchagulii anayemchukia.

Imepokewa kwamba alihifadhi Qur'an akiwa na miaka saba, na Muwatta ya Imam Malik akiwa na miaka kumi. Alipomaliza chuo akaingia msikitini kukaa na wanazuoni. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo aliandika hadithi na masuala juu ya mifupa mipana, na mfupa ukijaa aliutia katika mtungi mkuukuu uliokuwa nyumbani kwao. Nyakati nyingine alikwenda kwenye diwani, ofisi za serikali, kuomba karatasi zilizokwisha kutumika ili aandike upande wa nyuma. Wanafunzi mnaosoma haya, mtungi ule uliojaa mifupa ndio uliokuwa maktaba yake.

Walimu wake waliofuata tunawajua kwa majina. Kisomo cha Qur'an alikipokea kwa Ismail bin Qustantin, msomaji wa Makkah. Fiqhi aliisoma kwa mufti wa Makkah, Muslim bin Khalid, aliyepewa lakabu ya Az-Zanji (watu wa pwani wasikimbilie kusema "mwenzetu", kwani waandishi wengi wanasema alikuwa mweupe wa kuelekea wekundu na lakabu ilikuwa ya mzaha tu), naye ndiye aliyempa ruhusa ya kutoa fatwa angali kijana mdogo. Halafu Imam Malik, Madina. Halafu Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, Iraq. Alipotaka kusafiri kwenda Yemen hakuwa na nauli, na inapokewa kwamba mama yake aliweka rehani nyumba kwa dinari kumi na sita. Majina yote hayo yameandikwa, na hata dinari zimehesabiwa. Yule wa alifu na be ndiye aliyesahauliwa.

Ada yenyewe ina mjadala mrefu. Wanazuoni walikhitilafiana kama inafaa kuchukua ujira kwa kufundisha Qur'an. Wa mwanzo katika madhehebu ya Abu Hanifa walikataza, ingawa Abu Hanifa mwenyewe anasimuliwa kuwa alimpa mwalimu wa mwanawe Hammad dirhamu mia tano mtoto alipojua Al-Fatiha tu, na mwalimu aliposhangaa kwa wingi wake akaambiwa kwamba aliyomfundisha mtoto ni makubwa kuliko hizo. Imam Malik aliruhusu. Na Imam Shafi pia akaruhusu. Hapa huwa nasimama kidogo. Mtoto aliyesoma bila ada, alipokuwa imamu, hakusema waalimu wote wasome bure kama alivyosomeshwa yeye. Alijua mwalimu ana watoto na watoto wanakula. Ukarimu wa yule maalim wa Makkah ulikuwa ukarimu kwa sababu fedha ilikuwa haki yake akaiacha.

Juu ya fimbo, wazee wetu hawakunyamaza. Huko Qayrawan, Tunisia ya leo, Muhammad bin Sahnun aliyefariki mwaka 256 Hijria (870) aliandika kitabu kizima juu ya adabu za waalimu. Humo anataka watoto wa tajiri na wa maskini watendewe sawasawa, anamzuia mwalimu kupiga akiwa na hasira, na anaweka mpaka wa mapigo matatu. Na Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, ana mlango katika Muqaddimah yake unaoeleza kwamba ukali unawadhuru wanafunzi, hasa wadogo. Anaeleza kwamba mtoto anayelelewa kwa mabavu hufundishwa uvivu, uongo na hila, kwa sababu anaona ndizo zinazomwokoa na mkono. Mzazi anayedhani kwamba fimbo ndiyo sunna ya chuo na asome hapo. Mimi nilikuwa hodari wa uongo kwa miaka miwili, na mahali nilipojifunza ni pale nisipopataja.

Je, Imamu alisahau alivyosomeshwa? Mwishoni mwa maisha yake alihamia Misri, na huko Fustat alikuwa na mwanafunzi anayeitwa Rabi' bin Sulayman Al-Muradi, muadhini wa msikiti. Rabi' alikuwa mzito wa kufahamu. Inasimuliwa kwamba siku moja Imamu alimrudia suala moja mara arubaini asielewe, mpaka Rabi' akainuka akaondoka kikaoni kwa haya. Imamu hakumkemea mbele ya watu wala hakumwacha aende zake. Alimwita faraghani akaendelea kumrudia mpaka likamwingia. Na inapokewa kwamba alimwambia lau angeweza kumlisha elimu kama chakula angemlisha. Rabi' huyo mzito ndiye aliyekuja kuwa mpokezi mkuu wa vitabu vya Imamu, na Kitabu cha Al-Umm kimetufikia kwa njia yake. Wenye akili nyepesi katika kikao kile walikuwa wengi.

Imamu alifariki Misri mwishoni mwa Rajab mwaka 204 Hijria, mwanzoni mwa 820 Miladia. Elimu yake ikasafiri: Yemen, Hadhramaut, na kwa majahazi mpaka kwetu. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake ni Shafi. Karne ya kumi na tisa misafara ya pwani ikafika ziwani, Ujiji na ng'ambo yake, na pamoja na nguo na pembe walikuja waalimu na mbao zao. Ndiyo maana mtoto wa Bujumbura, kama wa Lamu au wa Unguja, baada ya Juzuu Amma alianza fiqhi kwa Safinat An-Naja, kijitabu cha Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia mwaka 1855. Ni madhehebu ya Shafi kwa kurasa chache za mtoto. Maalim alitusomesha hiyo Safina chini ya mwembe, na mimi nikiwa nimeshika mtungi wa maji.

Nilisema niliyasoma maneno ya Imamu mwaka 1990. Nilipaswa kwenda kwa Maalim wiki ile ile. Nilikuwa mji uleule! Lakini kijana huwa na shughuli, nikasema nitakwenda Ramadhani, nikasema nitakwenda Idi. Mwaka 1993 vita vikaanza, tukakimbilia Kigoma, na miaka kumi na zaidi ikapita hivyo. Niliporudi mwaka 2005 nilimkuta hai, macho yamepungua, ameegemea ukuta wa chumba kilekile. Mwembe ulikuwa umekatwa.

Nilimpa mkono, nikamwamkia, nikamtajia jina langu. Akasema, "Wewe ulikuwa unamwaga maji." Nikamwambia, "Maalim, nimekuja kukushukuru. Nimejua kwamba mama hakuwa akilipa ada, na wewe hukumdai." Akatikisa kichwa kama aliyesikia jambo la ajabu. Akasema, "Mama yako alilipa." Nikarudia kumweleza, nikamtajia na Alhamisi na daftari. Akasema tena, kwa sauti ileile aliyotumia kumsahihisha mtoto anayekosea irabu, "Alilipa." Kisha akaniuliza kama bado naikumbuka Safina, akanitaka nimsomee nguzo za udhu. Nikasoma. Nilikosea utaratibu, akanisahihisha.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mama, ambaye naye alikuwa mtu mzima sana. Nikamwambia Maalim anasema ulilipa. Mama akafikiri, halafu akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Nilimpelekea vitumbua mara moja, siku ya Idi. Sinia zima. Akasema hii ndiyo ada, imetosha mpaka mwanao ahitimu. Halafu nikamwona kwa macho yangu anawagawia watoto."

Vitumbua vile navikumbuka. Mimi nilipata viwili.